Bunduki Itoshayo na Iruhusiwayo: Uwindaji wa Bata Mzinga wa Mwitu Nchini Marekani na Funzo Lake kwa Vyama

(Yafuatayo ni maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya makatibu na wajumbe wa vyama vya msingi, katika mfululizo wa elimu ya wanachama.)



Wahenga walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Msemo huo una busara yake shambani, kwani mvivu hutafuta kisingizio katika mpini. Lakini viko vyombo ambavyo asiyevichagua kwa makini hujiletea hasara, na cha kwanza katika hivyo ni bunduki. Mtu anayenunua chombo cha namna hiyo aghalabu huuliza kwanza bei, kisha nguvu zake, na mwisho kabisa, pengine akiwa amekwisha kufikishwa mbele ya hakimu, ndipo huuliza kama sheria inamruhusu kukitumia. Mpangilio huo wa maswali umewatia hasarani watu wengi, na vyama pia. Chama kinachonunua mizani isiyohakikiwa na Wakala wa Vipimo hakijapata mizani. Kimepata chuma cha kuwekwa ghalani na kesi ya kujibu.

Mazungumzo haya yanachukua mfano wa mbali: mwindaji wa bata mzinga wa mwitu nchini Marekani, na jinsi anavyochagua bunduki inayofaa na inayoruhusiwa. Mfano huo una manufaa kwa sababu mbili. Kwanza, huko sheria, kazi na nguvu za chombo hupangwa kwa utaratibu ulio wazi. Pili, ndege mwenyewe alikuwa karibu kutoweka, akarudishwa kwa fedha zilizotoka katika bunduki hizohizo na kutunzwa kwa nidhamu ambayo kila katibu wa chama angependa kuiona katika vitabu vyake.

NDEGE MWENYEWE

Bata mzinga si bata, na wala hakutoka katika nchi ya Waturuki, ingawa Waingereza humwita kwa jina la nchi hiyo. Asili yake ni Amerika ya Kaskazini. Wazungu wa karne ya 16 walikuwa wakimfahamu kanga, ndege wa Afrika, aliyewafikia kupitia kwa wafanyabiashara wa dola ya Waturuki. Walipomwona ndege mgeni kutoka Amerika walimchanganya na kanga, wakampa jina hilohilo. Hata wataalamu hawakulitengua kosa hilo. Jina lake la kitaalamu, alilopewa mwaka 1758, ni Meleagris gallopavo, na neno meleagris ni jina la kale la Wayunani la kumtaja kanga. Hivyo ndege anayefukua mbegu za mahindi katika mashamba ya Afrika ya Mashariki amemwazima jina ndege ambaye hawajapata kuonana.

Dume aliyekomaa ana uzito wa kilo 7 hadi 11 hivi. Jike huwa karibu nusu ya hapo. Kifuani mwa dume huning'inia kishungi cha manyoya magumu kama singa, kiitwacho ndevu, na miguuni ana vipi kama vya jogoo. Kichwa chake hakina manyoya, nacho hubadilika rangi kuwa chekundu, cheupe na buluu. Macho yake ni makali mno, na masikio yake hayako nyuma. Wakati wa majira ya kuchipua, dume hunguruma alfajiri akiwaita majike. Mwindaji huketi chini ya mti, akaiga sauti ya jike kwa kifaa maalumu, akangoja dume amsogelee.

Mambo mawili katika maelezo hayo ndiyo yanayoamua bunduki. La kwanza ni kwamba ndege huyu ana mwili mkubwa wenye manyoya mazito na mbawa ngumu, hata marisau yakimpiga kifuani huweza kukimbia na kwenda kufa mbali, pasipo kumfaa mtu yeyote. Kwa hiyo hupigwa kichwani na shingoni. La pili ni kwamba mwindaji amevaa nguo zenye rangi ya majani, amejificha, na anatoa sauti ya ndege. Mwindaji mwingine aliye msituni humo anaisikia sauti hiyo hiyo.

SHERIA KWANZA

Marekani ina majimbo 50, na bata mzinga wa mwitu wanapatikana katika majimbo yote isipokuwa Alaska. Kila jimbo hutunga kanuni zake za uwindaji, nazo hutolewa upya mwaka hata mwaka. Kwa sababu hiyo mwindaji mwenye busara husoma kijitabu cha kanuni cha jimbo lake kabla ya kuingia dukani.

Majimbo mengi huruhusu bunduki ya marisau na upinde, na kukataza bunduki ya risasi moja, yaani raifoli, hasa katika msimu wa kuchipua. Katika jimbo la New York raifoli hairuhusiwi kwa ndege huyu, na marisau hayatakiwi kuwa makubwa kuliko namba 2. Msimu wa kuchipua katika jimbo hilo huwa mwezi Mei. Mwindaji huacha kazi ifikapo adhuhuri, na huruhusiwa kupiga ndege mwenye ndevu peke yake, ili majike wanaoatamia wasalimike. Jimbo la Pennsylvania liliruhusu raifoli kwa miaka mingi katika msimu wa kupukutika majani, kisha likaiondoa kuanzia msimu wa mwaka 2021. Katika jimbo la Texas hali ni tofauti tena: sehemu kubwa ya jimbo ambako mbuga ni wazi, raifoli inakubaliwa; katika wilaya za mashariki zenye misitu, haikubaliwi. Basi mtu mmoja, mwenye bunduki moja, anaweza kuwa mtiifu wa sheria asubuhi na kuwa mhalifu jioni kwa kuvuka mpaka wa wilaya tu.

Juu ya kanuni za majimbo ziko sheria za nchi nzima. Tangu mwaka 1934, bunduki ya marisau yenye mtutu mfupi kuliko inchi 18 huhesabiwa kuwa silaha ya aina ya pekee, inayohitaji kuandikishwa serikalini. Mtu aliyekata mtutu wa bunduki yake kwa msumeno ili iwe nyepesi, bila kibali, ametenda kosa zito hata kama hajapiga ndege. Sheria ya mwaka 1968 ilimkataza muuzaji mwenye leseni kumwuzia bunduki ndefu mtu aliye chini ya umri wa miaka 18, na ikawazuia watu waliopatikana na hatia za makosa makubwa kumiliki silaha.

Hapa pana jambo linalowahusu pia vijana wa Afrika ya Mashariki wanaosoma au kufanya kazi huko. Mgeni aliyeingia Marekani kwa viza ya muda, kwa mfano viza ya masomo, kwa kawaida hakatazwi kutazama bunduki, bali hukatazwa kuwa nayo. Sheria imeweka nafasi chache za kuepa katazo hilo, na mojawapo ni kuwa na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Kijana anayealikwa na rafiki zake kwenda kuwinda, akapokea bunduki mkononi bila kuijua sheria hiyo, huweza kuyapoteza masomo yake kwa asubuhi moja.

KWA NINI MARISAU, KWA NINI SI RISASI MOJA

Wako wanaolalamika kwamba raifoli ni sahihi zaidi na kwamba katazo hilo ni la kuwaonea. Sababu ya katazo inaeleweka kwa kupima umbali. Risasi ya raifoli, hata iliyo ndogo kabisa, huweza kusafiri zaidi ya kilometa moja na bado ikamdhuru mtu. Marisau madogo ya kuwindia ndege hupoteza nguvu upesi, wala hayafiki nusu kilometa. Katika msitu ambamo kila mwindaji amejificha na kila mmoja anaiga sauti ya ndege, tofauti hiyo ndiyo tofauti ya mtu kurudi nyumbani na mtu kubebwa.

Hata hivyo marisau nayo huua mtu aliye karibu. Ajali mbaya katika uwindaji huu ni ile ya mtu kudhaniwa kuwa ndege. Mwindaji huona kitu chekundu kikitikisika nyuma ya kichaka, moyo wake umekwisha kumwambia kwamba ni dume, naye hupiga. Ndiyo sababu mafunzo ya wawindaji husisitiza kwamba mtu asivae nguo nyekundu, nyeupe wala buluu, hata soksi au leso. Aketi ameegemea mti ulio mpana kuliko mabega yake. Asinyatie sauti ya ndege anayoisikia. Na akimwona mtu mwingine asimpungie mkono, bali aseme kwa sauti kubwa na wazi. Bunduki bora mikononi mwa mtu asiyehakikisha anachokilenga ni bunduki mbaya kuliko zote.

UKUBWA WA MTUTU

Bunduki za marisau hutajwa kwa namba iitwayo geji. Namba hiyo ina asili rahisi. Ratili moja ya madini ya risasi ikigawanywa katika vidonge 12 vilivyo sawa, kidonge kimoja huenea mtutu wa geji 12. Ikigawanywa katika vidonge 20, kimoja huenea mtutu wa geji 20. Kwa hiyo namba ikiwa kubwa, mtutu ni mdogo. Geji 12 ina kipenyo cha milimeta 18.5 hivi, na geji 20 milimeta 15.6. Majimbo mengi yameweka geji 10 kuwa kikomo cha juu. Iko pia bunduki ndogo iitwayo 410, nayo hutajwa kwa kipenyo chake, yaani inchi 0.410; si majimbo yote yanayoikubali kwa bata mzinga.

Geji 12 ndiyo inayotumiwa na wengi, kwa kuwa katriji zake hupatikana kila duka. Katriji ni lile ganda lenye fataki, baruti na marisau ndani yake. Za geji 12 ziko za urefu wa inchi 2¾, 3 na 3½. Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopotoka, kwa kudhani kwamba iliyo ndefu kuliko zote ni bora kuliko zote. Katriji ya inchi 3½ hurudisha kishindo kikali begani. Mpigaji aliyeumizwa nayo mara mbili hujikunyata kabla ya kufyatua mara ya tatu, na shabaha yake huharibika. Ile ya inchi 3, na kwa wengi ile ya inchi 2¾, hutosha kabisa. Tena urefu wa katriji haufai kupita ule ulioandikwa ubavuni mwa mtutu; anayepuuza maandishi hayo huhatarisha macho na mikono yake mwenyewe. Kwa kijana, kwa mwanamke mwenye umbo dogo, na kwa mzee anayetembea mwendo mrefu, geji 20 ni nyepesi na yafaa.

MARISAU NA MDOMO WA MTUTU

Marisau nayo yana namba, na hapa pia namba kubwa ni punje ndogo. Kwa bata mzinga hutumiwa zaidi namba 4, 5 na 6. Wakia moja, yaani gramu 28, ya madini ya risasi huwa na punje zipatazo 135 za namba 4, au 170 za namba 5, au 225 za namba 6. Mwindaji huchagua kati ya punje chache zenye nguvu na punje nyingi zinazofunika shabaha vizuri. Kwa kuwa shabaha ni kichwa na shingo, vilivyo vyembamba, wingi wa punje una faida kubwa.

Miaka ya karibuni yamekuja marisau ya tangsteni, madini mazito kuliko risasi kwa zaidi ya nusu. Kwa uzito huo punje ndogo za namba 9 hufanya kazi iliyokuwa ikifanywa na punje za namba 5, na hata bunduki ndogo za geji 20 na 410 zimepata nguvu mpya. Bei yake, hata hivyo, ni mara kadhaa ya ile ya marisau ya kawaida, na baadhi ya majimbo yamelazimika kurekebisha kanuni zao kwa sababu punje hizo ni ndogo kuliko zilizokuwa zikiruhusiwa. Chombo kipya kikija, sheria husomwa upya.

Mdomo wa mtutu nao una kazi yake. Mtutu wa bunduki ya marisau hubanwa kidogo kwenye mdomo ili punje zisitawanyike mapema. Mbano kamili, kwa kipimo cha zamani, ni ule unaoweka punje 70 katika kila 100 ndani ya duara la inchi 30 kwa umbali wa yadi 40, yaani meta 37 hivi. Wawindaji wa bata mzinga hutumia mbano huo au ulio mkali zaidi.

KUJARIBU KABLA YA KUTEGEMEA

Bunduki mbili zilizotoka kiwanda kimoja siku moja huweza kutawanya marisau kwa namna mbalimbali. Hakuna maneno ya muuzaji yanayoweza kuchukua mahali pa majaribio. Mwindaji makini hutundika karatasi kubwa yenye alama ya kichwa na shingo, akapiga kutoka yadi 20, kisha 30, kisha 40, akazihesabu punje. Desturi ya wengi ni kutaka punje zisizopungua 100 katika duara la inchi 10. Umbali ambapo hesabu inapungua hapo ndio mpaka wa bunduki hiyo kwa katriji hiyo, na mwenye bunduki hupaswa kuuheshimu hata kama ndege mnono amesimama hatua tano mbele yake. Aidha, jaribio la karibu lina mafunzo yake: kwa yadi 20 kundi la punje ni dogo kama kitasa, na asiyelenga sawasawa hukosa kabisa.

Mambo mengine hayahitaji maneno mengi. Mtutu wa inchi 21 hadi 26 hubebeka vizuri vichakani. Rangi isiyong'aa ni bora. Kitako kilingane na bega la mwenyewe. Kifungio cha usalama kifanye kazi bila wasiwasi. Nyumbani, bunduki hufungiwa mahali pake bila katriji ndani, nazo katriji hufungiwa pengine.

FEDHA ILIYOMRUDISHA NDEGE

Katika miaka ya 1930 bata mzinga wa mwitu walikuwa wamepungua mno nchini Marekani, kwa ukataji wa misitu na uwindaji usio na mipaka. Makadirio ya juu yalikuwa ndege 200,000 hivi katika nchi nzima. Mwaka 1937 ilipitishwa sheria ijulikanayo kwa majina ya waliyoileta, Pittman na Robertson. Kwa sheria hiyo, ushuru unaotozwa kwa bunduki na katriji, ambao kwa bunduki ndefu ni asilimia 11, hautumbukizwi katika mfuko wa jumla. Hugawiwa majimbo kwa ajili ya kuwarudisha na kuwatunza wanyamapori, na kwa kawaida jimbo hutoa fungu moja kila linapopokea mafungu matatu.

Sharti moja la sheria hiyo lastahili kusomwa na kila mjumbe wa kamati ya chama. Jimbo litakalochukua ada za leseni za uwindaji na kuzitumia kwa kazi nyingine hupoteza haki ya kupata fungu lake. Hakuna kuazima leo kwa ahadi ya kurudisha kesho. Kwa fedha hizo, pamoja na ada za wawindaji, ndege walinaswa kwa nyavu zilizorushwa kwa mizinga midogo na maroketi, mbinu iliyoanza kutumika kwa ndege hawa miaka ya 1950, wakahamishiwa katika misitu iliyokuwa mitupu. Kabla ya hapo walijaribiwa ndege waliofugwa, wakafa kwa wingi kwa sababu hawakuyajua ya porini. Leo bata mzinga wa mwitu wanakadiriwa kuwa milioni 6 hivi. Katika baadhi ya majimbo ya kusini-mashariki na ya kati idadi yao imeanza tena kushuka tangu miaka ya 2000, na wasimamizi huko wamefupisha misimu na kupunguza idadi inayoruhusiwa. Mwindaji anayelipa ushuru anakubali pia kunyimwa, kwa kuwa anajua fedha na ndege vinakwenda wapi.

FUNZO KWA VYAMA

Huku nyumbani hakuna bata mzinga wa mwitu, lakini wapo kanga wanaofukua mbegu na nguruwe mwitu wanaoharibu mihogo, na wapo wanachama wanaokuja ofisini kwa katibu kuuliza habari za bunduki. Katika Tanzania, kumiliki silaha kunatawaliwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kuwinda kunatawaliwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Leseni ya silaha siyo leseni ya kuwinda, na leseni ya kuwinda siyo leseni ya silaha. Gobore la kurithi kwa babu nalo ni silaha. Kamati ya chama haina mamlaka ya kumruhusu mtu katika lolote kati ya hayo mawili. Katibu anayemwelekeza mwanachama polisi na kwa afisa wanyamapori amemsaidia. Anayemwambia "wewe nenda tu, mradi ni shamba lako" amemtosa.

Na kwa kila chombo, kiwe bunduki ya Mmarekani au mizani, bomba la dawa na trekta la chama, maswali ni manne, nayo yana mpangilio wake. Sheria yasemaje? Kazi yenyewe ni ipi, na chombo gani chatosha? Je, kimejaribiwa na kupimwa na mwenye kukitumia? Na nani mwingine yumo msituni, atakayedhurika kikitumiwa vibaya? Bei huulizwa baada ya hayo, kwa maana kilicho rahisi kisichoruhusiwa ni ghali, na kilicho na nguvu kupita kazi yake humuumiza bega anayekishika.

Mwindaji wa bata mzinga hupewa nafasi moja tu: ndege akisikia mlio hatarudi. Kabla ya kufyatua hutakiwa akione kichwa, azione ndevu, na aone kilichoko nyuma yake. Kamati inayotia saini hundi ya chama ingefanya vyema kuangalia kwa makini kama huo.